Benchi la Kahawa Mbulu na Hanang

Wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara nchini Tanzania, hazina nyumba za kahawa kama zile za Istanbul au London ya zamani. Zina vijiwe. Mbulu mjini, Dongobesh, Haydom na Katesh, mahali pa kunywea kahawa ni kona ya barabara karibu na stendi au soko, penye benchi moja au mawili ya mbao, kivuli cha mti au ukuta wa duka, na mtu mmoja aliyekaa nyuma ya birika lake. Hapana mlango wala kibao, na mara nyingi hapana jina zaidi ya "kwa mzee wa kahawa". Mvua ikinyesha, kijiwe huhamia kwenye kibaraza cha duka la jirani, ikikatika, kinarudi.

Vifaa vyote hubebwa na mtu mmoja. Birika, ambalo watu wa pwani huliita dele, hukaa juu ya jiko dogo la mkaa ili kahawa isipoe tangu kikombe cha kwanza hadi cha mwisho. Pembeni pana ndoo ya maji ya kusuuzia, vikombe vidogo visivyo na mkono, na chombo chenye kashata za karanga. Buni hukaangwa mpaka iwe nyeusi, hutwangwa, kisha huchemshwa muda mrefu, mara nyingi pamoja na tangawizi. Sukari haitiwi. Utamu uko kwenye kashata, na mnywaji hupokezana: kipande, funda, kipande, funda, hadi machicha yaonekane chini. Bei ni shilingi mia moja au mia mbili kwa kikombe. Mwenyeji hulipa akimaliza, na hesabu ya vikombe huitaja yeye mwenyewe. Muuzaji naye ana hesabu yake kichwani, na ni nadra hesabu hizo mbili kupishana. Biashara huchangamka alfajiri, kabla mabasi hayajaondoka, na tena jioni watu wakitoka shambani na mnadani. Katika nyanda za Mbulu, ambako Juni na Julai baridi huwatoa watu na makoti mazito, kikombe cha alfajiri huwa kwanza ni cha kupasha moto vidole.

Asili ya kukusanyika kwa ajili ya kahawa ni Yemen ya karne ya 15, ambako masufi waliinywa ili kukesha kwenye dhikri. Ilipotoka zawiyani na kuingia mitaani ilizua mashaka papo hapo. Mwaka 1511 Khair Beg, mtawala wa Makka kwa niaba ya Wamamluki, aliipiga marufuku. Marufuku hiyo haikudumu. Katikati ya karne ya 16, kwa maelezo ya mwanahistoria Ibrahim Peçevi, watu wawili kutoka Syria, mmoja wa Aleppo na mmoja wa Damascus, walifungua nyumba za kahawa Istanbul, nazo zikajaa makadhi, walimu na wasio na kazi. Sultani Murad IV alizifunga mwaka 1633. London ilipata nyumba yake ya kwanza mwaka 1652 kwa mkono wa Pasqua Rosée, na Desemba 1675 Mfalme Charles II alitangaza zifungwe zote, akaibatilisha amri yake Januari iliyofuata kabla haijaanza kutekelezwa. Makka na Istanbul sababu iliyotolewa ilikuwa kinywaji, afya au moto, lakini katika visa vyote vitatu kilichoogopwa kilikuwa kikao: watu wa hali tofauti wameketi pamoja, wana akili zao timamu, na wanazungumza habari za wakubwa.

Mwanafalsafa wa Ujerumani Jürgen Habermas, katika kitabu chake cha 1962, alizipa nyumba za kahawa za Uingereza nafasi kubwa katika kuzaliwa kwa umma unaojadili mambo ya dola. Hoja hiyo imewavutia wengi, na kwa Ulaya ina uzito wake. Lakini inatoshea vibaya sana Mbulu na Hanang. Huku mjadala wa hadhara, wenye taratibu na adabu zake, ulikuwepo kabla birika la kwanza halijafika. Kwa hiyo swali la kuuliza si namna kahawa ilivyowafundisha watu kujadili, ni kwa nini watu waliokwisha kujua kujadili walihitaji benchi jingine.

Mjadala wa zamani wa Wairaqw, wenyeji wa nyanda za Mbulu, uliambatana na pombe. Buura, pombe ya mtama, ilipikwa kwa ajili ya kualikana kazi ya shamba, harusi, upatanisho na kutambika. Katika vikao hivyo mzee mwenye ufasaha aliongoza slufay, sala ndefu inayosemwa kwa mpangilio wa kishairi, akiomba mvua, mifugo, watoto na amani kwa Looa, mungu wa Wairaqw, na waliokaa wakimwitikia kwa pamoja. Mwenye buura alikuwa mwenyeji, na mwenyeji huchagua wageni. Mwaka 1996 mtafiti Ole Bjørn Rekdal wa Norway alichapisha makala kuhusu fedha, maziwa na pombe ya mtama miongoni mwa Wairaqw, na kuyaweka matatu hayo pamoja kunaonyesha ugumu ulikuwa wapi: kuna vitu ambavyo kuviuza ni sawa na kuuza ujirani.

Kusini zaidi, kuuzunguka Mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, Wabarabaig, ambao ni sehemu ya Wadatoga, walikuwa na gesuda, pombe ya asali. Ilipikwa na wanaume kwa heshima kubwa, hasa kwa maziko ya mzee mashuhuri, bung'eda, yanayochukua miezi na kuishia kwa kilima kirefu cha udongo juu ya kaburi. Mambo ya ardhi, maji, malisho na ugomvi yalipelekwa kwenye girgwageda, baraza linalokaa chini ya mti. Lilikuwepo baraza la jamii nzima, la ukoo, na lile la wanawake, ambalo mwanthropolojia George Klima, aliyeandika juu ya Wabarabaig mwaka 1970, alilieleza kama mahakama halisi yenye uwezo wa kumhukumu mwanamume aliyemkosea mwanamke. Hilo la mwisho litarudi chini.

Kahawa kama zao iliingia katika eneo hili kwa mlango mwingine kabisa. Wilaya ya Mbulu ya enzi za Waingereza ilikuwa kubwa, ikizibeba Karatu, Babati na Hanang za leo ndani yake, na kwenye miteremko ya Mlima Oldeani walowezi, wengi wao Wajerumani waliorudi Tanganyika katika miaka ya 1920, walifungua mashamba ya kahawa ya arabika. Vita vilipoanza mwaka 1939 Wajerumani hao walitiwa kizuizini na mashamba yao yakawekwa chini ya mwangalizi wa mali za adui. Vibarua walichuma, wakakoboa, wakaanika. Magunia yakashuka Arusha na kuendelea hadi ng'ambo. Kilichobaki wilayani kilikuwa mshahara. Mambo yalikuwa hivyo karibu kote kulikolimwa kahawa nchini isipokuwa Kagera, ambako Wahaya walikuwa wakitafuna buni zilizochemshwa na kukaushwa tangu kabla ya mkoloni, wakikaribishana nazo. Wachaga wa Kilimanjaro, waliounda chama cha wakulima cha KNPA mwaka 1925 na baadaye chama cha ushirika cha KNCU, walipigania haki ya kulima na kuuza kahawa. Kuinywa hakukuwa ajenda. Hata leo sehemu ya kahawa ya Tanzania inayonywewa nchini ni ndogo mno ikilinganishwa na inayosafirishwa, na nyumbani kwa mkulima wa Mbulu kinachoandaliwa mgeni ni chai ya maziwa.

Kahawa kama kinywaji cha kikao ilikuja kutoka pwani, na haikuwa na habari na Oldeani. Zanzibar, Bagamoyo, Tanga na Mombasa, wauza kahawa waliozunguka wakigonganisha vikombe na wazee waliokaa barazani baada ya sala walikuwa sehemu ya mji kama msikiti wenyewe. Uislamu na biashara vilipoingia bara, desturi hii iliingia navyo. Kwa upande wa Manyara mlango ulikuwa Kondoa, mji wa Warangi uliokuwa kwenye mapito ya misafara, na baadaye barabara kuu ya kaskazini iliyounganisha Dodoma, Kondoa, Babati na Arusha. Wafanyabiashara Waislamu, wa pwani, Kondoa na Singida, walikaa kwenye miji midogo iliyokua kandokando ya boma, duka na kituo cha gari. Hata leo, katika wilaya ambazo Kanisa Katoliki lina jimbo lake la Mbulu tangu 1953 na Walutheri wana hospitali yao ya Haydom tangu 1955, muuza kahawa wa kijiweni mara nyingi ni Mwislamu mwenye kofia, na wanywaji wake wengi ni Wakristo.

Katika hilo ndipo jibu la swali la benchi jingine linapoanzia. Kikao cha buura kilikuwa na kila kitu isipokuwa nafasi ya mtu asiye na mwenyeji. Dereva wa lori, mwalimu aliyehamishiwa kutoka Mtwara, mnunuzi wa ng'ombe kutoka Arusha, Mnyaturu anayeuza vyombo mnadani: hawa wote hawakuwa na ukoo wala ujirani wa kuwaingiza kwenye kikao. Idadi yao iliongezeka haraka baada ya Uhuru. Mradi wa ngano wa shirika la umma la NAFCO, ulioendeshwa kwa msaada wa Kanada tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ulichukua karibu ekari 100,000 za malisho bora ya Wabarabaig kwa mashamba saba, Basotu, Mulbadaw na mengine, ukaleta madereva wa trekta, mafundi na makarani kutoka mikoa mingi. Wakati huohuo vijiji vya ujamaa vilikusanya watu waliokuwa wakiishi mbalimbali. Katesh, Basotu na Haydom zikawa miji ya watu wasiojuana.

Kulikuwa na vilabu vya pombe, bila shaka, na bado vipo. Ila klabu ina wateja wake na saa zake, na Wakristo wa madhehebu yanayokataza pombe, wanaoongezeka tangu miaka ya 1980, hawawezi kuonekana humo. Waislamu nao vivyo hivyo. Kijiwe cha kahawa kiliwapokea wote waliobaki nje. Mtu anaweza kukaa saa nzima kwa kikombe kimoja, akaondoka mzima, akarudi nyumbani bila harufu ya kuelezea. Na tofauti kubwa kuliko zote ni lugha. Kwenye buura ni Kiiraqw. Chini ya mti wa Wabarabaig ni Kidatoga. Lugha hizi mbili hazina undugu wa karibu, moja ni ya Kikushi na nyingine ya Kinailoti, na ukiongeza Kinyaturu, Kinyiramba na Kirangi, ambazo ni za Kibantu, Manyara ni miongoni mwa mahali pachache Afrika ambapo familia za lugha zisizohusiana zinanunua chumvi duka moja. Benchi la kahawa linazungumza Kiswahili. Siku ya mnada, mzee wa Kibarabaig mwenye fimbo na shuka anaweza kuketi bega kwa bega na Mwiraqw, ingawa ndugu zao wana kesi ya mpaka wa malisho, na wote wawili wakazungumzia bei ya fahali.

Bei ndiyo mazungumzo ya kwanza ya kijiwe, na hapo kinafanana sana na nyumba ya Edward Lloyd ya London ya miaka ya 1680, ambako manahodha na wenye meli walikwenda kupata habari za bandarini hadi nyumba hiyo ikazaa soko la bima. Kijiwe cha Mbulu hakijazaa bima, lakini anayetaka kujua vitunguu saumu vya Bashay vimeamkia bei gani, lori gani linatafuta mzigo, au mnunuzi yupi amekimbia na fedha za watu, huanzia hapo. Agosti 2017 India ilipoweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia nchini mwake, bei ya zao hilo ilianguka Babati, Hanang na kusini mwa nchi kwa namna ambayo wakulima hawakuwahi kuiona. Uamuzi ulitolewa New Delhi na kuumiza kijijini, na maelezo yake hayakuwafikia watu kwa semina. Habari za aina hii hushuka kutoka redioni na kwenye simu, kisha hutafsiriwa benchini na watu wenye magunia stoo.

Redio yenyewe ni mwenzi wa zamani wa birika. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957 na ya Deutsche Welle mwaka 1963, na kwa miongo mingi taarifa ya jioni ilisikilizwa na wengi kwa redio ya mmoja. Gazeti likifika Katesh lilifika limechelewa, na lilisomwa na watu kumi kabla halijafungiwa kashata. Simu za mkononi zimepunguza haja ya kusubiri habari, ila hazijapunguza haja ya kubishana juu yake. Pengine zimeiongeza. Karibu na benchi ni nadra kukosekana ubao wa drafti wenye vifuniko vya soda kwa kete, na watazamaji wanaojua zaidi kuliko wachezaji.

Siasa ni mazungumzo ya pili, na huku zina mizizi. Katika uchaguzi wa 1960, TANU ilipochukua viti 70 kati ya 71 nchi nzima, kiti kimoja kilichoponyoka kilikuwa cha Mbulu: Herman Elias Sarwatt, mgombea binafsi, alimshinda mgombea rasmi wa chama, Chifu Amri Dodo. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 tabia hiyo ilijitokeza tena. Karatu, ambayo wakati huo ndiyo kwanza inatoka kwenye tumbo la Mbulu, ilimchagua Willibrod Slaa wa CHADEMA mwaka 1995 na kumrudisha mara mbili zaidi. Mbulu nayo ikampa ubunge Mustapha Akunaay wa chama hichohicho mwaka 2010. Hanang ilikuwa na mwanaye Frederick Sumaye kwenye kiti cha Waziri Mkuu kuanzia 1995 hadi 2005, akahamia upinzani mwaka 2015, akarejea chama chake cha awali, CCM, mwaka 2020. Mtu mmoja aliyekaa pande zote mbili ni neema kwa kijiwe, kwa kuwa kila upande una ushahidi wa kutumia. Wagombea wanalijua hilo. Katika misimu ya kampeni hupita vijiweni, hukaa, hulipia birika zima na kuondoka, na watu hunywa kahawa ya wote bila kubagua chama.

Kijiwe kina sifa mbaya pia, na haifai kuificha. Uvumi unaenea hapo upesi kama habari. Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka na tope, mawe na magogo yakapita Katesh, Gendabi na Jorodom, yakaua watu zaidi ya 80 na kufunika nyumba na maduka. Ndani ya saa chache ilikuwa imeenea nchini kwamba volkano imelipuka, jambo ambalo si la ajabu kwa mlima ambao kweli ni wa volkano. Serikali na wataalamu wa jiolojia walieleza kwamba hakukuwa na mlipuko wowote: miamba dhaifu ilikuwa imenyonya maji ya mvua kubwa, ikakatika. Safari hii uvumi ulibebwa zaidi na simu kuliko na benchi, na tofauti kati ya viwili hivyo ni ya maana. Aliyetuma ujumbe hayupo pale kuulizwa. Anayesema jambo kijiweni ameketi, anajulikana kwake ni wapi, na kesho atakuja tena kunywa. Mwongo wa benchi hupewa jina la utani na kuachwa aendelee, ila habari zake hupunguzwa nusu kabla ya kupokelewa.

Jambo ambalo kijiwe hakijalitatua ni la wanawake. London walilijua mapema: mwaka 1674 kilichapishwa kijitabu cha dhihaka kilichojiita ombi la wanawake dhidi ya kahawa, kikilalamika kwamba waume wanashinda nje na kurudi hawana faida. Mbulu na Hanang benchi si marufuku kwa mwanamke kwa tamko lolote. Ni kwamba hakai. Muuzaji ni mwanamume, mazungumzo ni ya wanaume, na saa za kahawa ni saa ambazo mwanamke yupo kisimani, jikoni au sokoni akiuza. Hapa kikao kipya kimekuwa kibovu kuliko vile vya zamani. Kwenye buura mwanamke ndiye aliyepika, na bila yeye kikao hakikuwepo. Kwa Wabarabaig wanawake walikuwa na girgwageda yao, na mwanamume aliyeitwa mbele yake alitozwa faini ya ng'ombe na akalipa. Kahawa iliwaketisha pamoja Mwislamu na Mkristo, Mwiraqw na Mbarabaig, mwenyeji na mpita njia, kisha ikaishia hapo.

Wanawake wa Katesh na Mbulu mjini wana mikusanyiko mingine: vikoba, jumuiya ndogondogo za Wakatoliki, vibanda vya mama lishe ambako chai na mandazi vinauzwa tangu alfajiri na habari zinapita kama kwingineko. Bei ya vitunguu saumu wanaijua, kwa sababu wengi wao ndio wanaovimenya na kuvipanga sokoni. Lakini mgombea anayepita kutafuta maoni ya mji huenda benchini kwanza, na diwani anayetaka kujua watu wanasemaje huuliza hapohapo. Anachokipata ni maoni ya wanaume wenye nafasi ya kukaa. Diwani wa aina hiyo angefanya vizuri kuvuka barabara na kuagiza chai kwa mama lishe.